Wakili wa Utetezi Mahakamani na Yule wa Kwenye Filamu

Mwananchi ambaye hajawahi kushtakiwa mara nyingi humfahamu wakili wa utetezi kupitia filamu za Marekani zinazotafsiriwa kwa Kiswahili na kuoneshwa vibandani. Humo wakili hulilia mbele ya jopo la raia 12, huleta shahidi wa ghafla dakika ya mwisho, na mteja akimkiria kosa, ama humsaidia kuficha ukweli ama humgeuka. Sivyo ilivyo katika Mahakama Kuu, Kanda ya Sumbawanga, inayohudumia mikoa ya Rukwa na Katavi. Hapa kuamini filamu kunaweza kugharimu uhai: mtu mzima anayetiwa hatiani kwa kuua kwa kukusudia huhukumiwa kunyongwa hadi kufa, isipokuwa mwanamke mjamzito.

Tuanze na kukiri. Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, inamkataza wakili kutoa siri aliyoelezwa na mteja kwa ajili ya kazi yake bila ridhaa ya mteja huyo, hata baada ya kazi kwisha. Ulinzi huo hauhusu mipango ya uhalifu. Anayemwomba wakili amsaidie kumhonga shahidi hana siri ya kulindwa. Aliyekiri kwa wakili wake bado anastahili utetezi, kwa kuwa Ibara ya 13 ya Katiba inamhesabu mshtakiwa kuwa hana hatia hadi ithibitike, na mzigo wa kuthibitisha ni wa Jamhuri. Wakili atahoji iwapo maelezo ya onyo yalichukuliwa kihalali, au iwapo shahidi aliyemtambua mtu usiku alikuwa na mwanga wa kutosha. Haruhusiwi kumleta shahidi ambaye yeye wakili anajua atasema uongo. Ndugu wa marehemu huumia kuyasikia maswali hayo, na si ajabu. Hata hivyo, anayeyauliza hatetei mauaji.

Shahidi wa ghafla ni hatari zaidi. Chukua mfano wa mkulima wa Laela anayeshtakiwa kwa mauaji, ilhali usiku wa tukio alikuwa Kasanga alikokwenda kununua migebuka. Anaona haya kumweleza wakili alilala kwa nani, hivyo anaificha hoja hiyo hadi siku ya kujitetea. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inataka taarifa ya utetezi wa namna hiyo itolewe kabla ya kesi kusikilizwa, au angalau upande wa mashtaka upewe maelezo yake kabla haujafunga ushahidi wake. Akichelewa, mahakama ina hiari ya kutoupa uzito wowote. Wala hakuna jopo la raia la kuliza machozi: jaji ndiye huamua, tena kwa kuandika sababu.

Kwa asiye na uwezo, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inamruhusu jaji au hakimu kuagiza apatiwe wakili pale haki inapohitaji. Wakili huyo halipwi na familia. Msiuze ng'ombe kwa ajili yake. Anayeahidi ushindi, au anayedai fedha za "kumwona hakimu", huenda ni kishoka. Mwombe leseni ya mwaka huu, au litafute jina lake katika mfumo wa e-Wakili wa Mahakama. Wakili halali aliyekiuka maadili hulalamikiwa mbele ya Kamati ya Mawakili, ambayo inaweza kumwonya, kumsimamisha au kumwondoa katika orodha ya mawakili. Ambatisha risiti za malipo na nakala za barua mlizoandikiana.