Gari la haibridi: Hesabu kilomita zako kabla ya kulipa

MKULIMA akisikia neno haibridi, aghalabu hukumbuka mbegu ya mahindi. Tangu mbegu za kwanza za aina hiyo zilipotolewa Kitale mwaka wa 1964, wakulima wa Kenya wamejionea kwamba haibridi huzaa sana ikipandwa mahali panapoifaa na kutunzwa ipasavyo. Somo hilo linafaa kukumbukwa pia katika yadi za magari yaliyotumika, ambako neno hilo hilo limebandikwa nyuma ya magari mengi ya familia kutoka Japani.

Muuzaji atamwambia mteja kwamba gari hilo "halinywi mafuta". Lakini kwa mfanyabiashara mdogo anayekopa kwenye chama cha akiba na mikopo ili alinunue, swali kubwa ni moja: je, akiba ya petroli itazidi pesa alizoongeza ili kulipata?

Mfano mzuri ni Toyota Corolla Axio ya haibridi, iliyoanza kuuzwa Japani mnamo Agosti 2013. Ni gari la kawaida la watu watano, lenye buti la nyuma na injini ya petroli ya sisi 1,500. Tofauti ni kwamba lina pia mota ya umeme na betri kubwa iliyowekwa chini ya kiti cha nyuma.

Betri hiyo haichomekwi kwenye stima ya nyumbani. Dereva akikanyaga breki au akiteremka mlima, mota hugeuka kuwa jenereta na kurudisha umeme kwenye betri. Injini nayo huongeza umeme inapohitajika. Gari likisimama kwenye foleni, injini hujizima. Likianza kwenda polepole, aghalabu hutumia umeme peke yake.

Linapofaa zaidi

Kutokana na utaratibu huo, faida yake huonekana hasa mjini. Mama mwenye duka anayetoka Kikuyu alfajiri kuelekea Gikomba, akikwama kwenye msongamano na kusimama kila baada ya hatua chache, ndiye atakayeona tofauti. Kwenye barabara kuu ambako gari hukimbia kwa mwendo mmoja bila breki, injini ndiyo hufanya sehemu kubwa ya kazi, na akiba hupungua.

Kampuni iliyolitengeneza ilitangaza kilomita 33 kwa lita, kwa kipimo cha Japani kinachofanyiwa ndani ya maabara. Mnunuzi asipange matumizi yake kwa kipimo hicho. Milima, matuta, mizigo na foleni zetu hupunguza kilomita hizo kwa kiasi kikubwa.

Hesabu yenyewe

Tuchukulie kwamba gari la kawaida la sisi 1,500 linakwenda kilomita 12 kwa lita mjini, na la haibridi kilomita 20. Mfanyabiashara anayeendesha kilomita 60 kwa siku, siku 300 kwa mwaka, atamaliza kilomita 18,000. Gari la kawaida litatumia lita 1,500 na la haibridi lita 900. Akiba ni lita 600. Petroli ikiwa Sh180 kwa lita, hizo ni Sh108,000 kwa mwaka.

Ikiwa gari la haibridi linauzwa kwa Sh250,000 zaidi ya lile la kawaida, pesa hizo zitarudi baada ya miaka miwili na takriban miezi minne.

Sasa tumtazame mkulima anayetumia gari kwenda kanisani, sokoni na mjini mara moja kwa wiki, jumla ya kilomita 5,000 kwa mwaka. Kwa vipimo hivyo hivyo, ataokoa lita 167 pekee, yaani takriban Sh30,000. Itamchukua zaidi ya miaka minane kurudisha Sh250,000 hizo, na kabla ya hapo huenda betri ikahitaji kubadilishwa. Aidha, gari likikaa siku nyingi bila kuwashwa, betri zake huishiwa na nguvu. Mkulima huyo ni afadhali anunue gari la kawaida, na pesa zinazobaki azipeleke shambani.

Kila mnunuzi aweke bei za siku hiyo na kilomita zake mwenyewe katika hesabu hii.

Betri ndiyo roho ya gari

Kenya hairuhusu kuingizwa kwa gari lililotumika ambalo limezidi miaka minane tangu liliposajiliwa mara ya kwanza. Kwa hivyo, Axio ya mwaka wa 2013 inayouzwa leo imekwisha kutumika humu nchini kwa muda, na mnunuzi anapaswa kuuliza kama betri ni ile ile iliyokuja nayo.

Betri hiyo imeundwa kwa vipande vingi vilivyounganishwa. Kipande kimoja kikifa, gari zima hulemaa. Wapo mafundi wanaobadilisha kipande hicho pekee kwa bei nafuu, lakini vilivyobaki ni vikuukuu, na baada ya muda kingine hufuata.

Kabla ya kulipa, mnunuzi aende na fundi anayeyajua magari haya, mwenye mashine ya kusoma nguvu ya kila sehemu ya betri. Aliendeshe gari kwa angalau nusu saa, mlimani na kwenye foleni. Ikiwa alama ya chaji kwenye dashibodi inapanda na kushuka upesi upesi, au feni ya nyuma inanguruma bila kukoma, betri imechoka. Vilevile aangalie taa za onyo: gari linapowashwa zinapaswa kuwaka kisha zizime. Taa isiyowaka kabisa huenda imefichwa makusudi.

Utunzaji

Pembeni mwa kiti cha nyuma kuna tundu la kupitisha hewa ya kupoza betri. Anayebeba magunia ya unga, nafaka au nguo kwenye kiti hicho asilizibe, na chujio lake lisafishwe mara kwa mara, kwa sababu vumbi huifanya betri ipate joto na kufa mapema.

Kwa upande mwingine, gari hili halina alteneta wala stata ya kawaida, na breki zake hukawia kuisha kwa kuwa mota husaidia kupunguza mwendo. Oili hubadilishwa kama ya gari lolote lile.

Nyaya za rangi ya chungwa zilizo chini yake hupitisha umeme unaoweza kuua, kwa hivyo asiruhusiwe kuzishika fundi ambaye hajafunzwa.

Anayeshinda barabarani mjini kila siku, na aliyepata gari lenye betri nzima, atafaidika. Mwingine yeyote ahesabu kwanza kilomita zake, kisha ndipo aende kuomba mkopo.