Leseni, Stakabadhi na Jina: Mafunzo Kutoka Nchi ya Mbwemkuru



Katika mikutano yetu huulizwa mara kwa mara swali hili: Hizi sheria na kanuni za wawekezaji wa kigeni, za biashara ya mtandao na za haki za majina zinamhusu nini mkulima wa karafuu? Jawabu letu ni kwamba zinamhusu sana. Na njia nyepesi ya kulieleza jambo hili ni kutazama mahali ambapo kanuni hizo zimekwisha kufanya kazi na matokeo yake yakaonekana. Mahali penyewe si hapa Visiwani. Ni kusini ya Bara, katika wilaya za Nachingwea na Ruangwa, nchi ya mto Mbwemkuru, ambao maji yake huingia baharini kati ya Kilwa na Lindi.

Wenyeji wa huko ni wakulima kama sisi. Sisi tuna karafuu. Wao wana korosho, ufuta na mbaazi. Wala fedha za kigeni si jambo geni kwao. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianza mpango mkubwa wa karanga katika Tanganyika, na Nachingwea ikawa mojawapo ya sehemu tatu zilizochaguliwa, pamoja na Kongwa na Urambo. Matrekta yakaletwa, misitu ikafyekwa, reli ikatandikwa kutoka Nachingwea mpaka pwani. Mwaka 1951 mpango ukaachwa, na hasara ikahesabiwa kuwa kiasi cha pauni milioni 36. Reli nayo baadaye iling'olewa. Mpango ule ulitungwa London na ukavunjwa London. Mwenyeji wa Nachingwea aliona tu mashine zikija na mashine zikiondoka.

Siku hizi mambo huendeshwa kwa karatasi zaidi kuliko kwa matrekta. Tutaeleza karatasi tatu: leseni, stakabadhi na cheti cha jina.

LESENI

Katika wilaya ya Nachingwea kiko kilima cha Ntaka, na ndani yake imo nikeli, madini yatumikayo kutengeneza chuma kisichoshika kutu na betri za magari ya umeme. Kampuni za kigeni zilitafuta madini hayo kwa miaka mingi. Mwaka 2015 zilipewa leseni ya kuhodhi eneo. Leseni ya namna hii ilikuwa ni ruhusa ya kungoja: mtu amekwisha kuyaona madini, lakini bei au mambo mengine hayajamruhusu kuchimba, basi hushikiliwa nafasi yake kwa muda.

Mwezi wa Julai 2017 Bunge lilibadilisha Sheria ya Madini ya mwaka 2010 na kuziondoa leseni za namna hiyo. Sababu ya Serikali ilieleweka na watu wengi: madini ni mali ya wananchi, na haifai ardhi yenye mali ikae imefungwa huku mwenye leseni akingojea bei ipande. Kisha Januari 2018 zikatolewa kanuni zilizofuta hata leseni za kuhodhi zilizokwisha kutolewa zamani, na haki zote zikarudi Serikalini. Desemba 2019 maeneo hayo yakatangazwa kwa zabuni ili wengine wayaombe.

Hapo ndipo shauri lilipoanza. Tangu mwaka 1994 Tanzania na Uingereza zina mkataba wa kulinda mali za wawekezaji wa kila upande, na miongoni mwa kampuni za Ntaka zilikuwamo zilizosajiliwa Uingereza. Kampuni hizo hazikwenda katika mahakama ya Lindi wala ya Dar es Salaam. Zilikwenda mwaka 2020 katika baraza la usuluhishi la Benki ya Dunia, liitwalo ICSID, ambalo makao yake yako Washington. Julai 2023 waamuzi walisema kwamba mali imechukuliwa bila fidia, wakaiamuru Tanzania ilipe zaidi ya dola milioni 109 pamoja na riba. Serikali iliomba hukumu hiyo itenguliwe, na kabla ombi hilo halijamalizika pande mbili zikapatana, Julai 2024, kwa dola milioni 90 zilipwe kwa mafungu matatu. Kwa thamani ya siku zile ni zaidi ya shilingi bilioni 230. Kampuni nyingine mbili, zilizokuwa na leseni za namna hiyo katika sehemu nyingine za Bara, nazo zilipatana na Serikali: moja mwaka 2023 kwa dola milioni 30, na nyingine mwaka 2024 kwa dola milioni 27.

Wanachama wasitufahamu vibaya. Hatusemi kwamba nchi haina haki ya kubadilisha sheria zake. Nchi isiyoweza kubadilisha sheria si nchi. Tunachosema ni kwamba kanuni mpya haifuti ahadi ya zamani iliyotiwa saini, na asiyezisoma zote mbili kwa pamoja atakuja kulipa. Aliyelipa safari hii ni mfuko wa wananchi wote, nasi wa Visiwani tumo, maana mikataba na nchi za nje ni jambo la Muungano.

Tena liko jambo jingine. Katika shauri lile kampuni zilikuwa na leseni, na Serikali ilikuwa na sheria. Wanakijiji waliokaa karibu na kilima miaka yote hiyo hawakuwa upande wowote wa shauri, wala hawakuwa na karatasi ya kupeleka Washington. Karatasi yao ingekuwa hatimiliki ya kimila, itolewayo chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Mwenye hati hiyo ana la kuonyesha siku fidia ya shamba inapohesabiwa. Asiyekuwa nayo hutegemea maneno ya mashahidi.

Katika wilaya jirani ya Ruangwa njia iliyofuatwa ni nyingine. Huko kuna madini ya kinywe, yatumikayo pia katika betri. Aprili 2023 Serikali ilitia saini mkataba na kampuni ya Australia juu ya kinywe cha Chilalo, na ikaundwa kampuni ya ubia ambayo ndani yake Serikali ina hisa asilimia 16 bila ya kuzilipia. Hapo angalau kila upande umeandika fungu lake kabla ya mchanga kuguswa.

STAKABADHI

Karatasi ya pili ni ya mkulima mwenyewe. Kwa korosho, utaratibu wa stakabadhi za ghala ulianza kutumika mwaka 2007. Mkulima hupeleka mazao yake katika chama chake cha msingi, yakapimwa uzito na ubora, kisha yakasafirishwa mpaka ghala kuu lenye leseni. Mwenye ghala huandika stakabadhi: kilo kadhaa, daraja fulani, mali ya chama fulani. Chama kikuu cha Ruangwa, Nachingwea na Liwale, kiitwacho RUNALI, hukusanya mazao ya vyama vya msingi na kuyapeleka mnadani.

Zamani wanunuzi walitia bei zao kwa barua ndani ya sanduku. Siku hizi mnada unaendeshwa kwa mtandao wa Soko la Bidhaa Tanzania, TMX. Ufuta na mbaazi zimepita huko, na korosho nazo ziliingia katika msimu wa 2024. Mnunuzi aweza kuwa Mtwara au Dar es Salaam, akaandika bei yake katika kompyuta. Na wakulima waliokusanyika huonyeshwa bei zilizotolewa, wakakubali au wakakataa. Kukataa si jambo la kinadharia. Oktoba 2018, kabla ya utaratibu huu wa mtandao, wakulima wa korosho wa kusini walikataa bei za mnadani, na mwezi uliofuata Serikali ikatangaza kununua korosho zote yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo.

Faida ya mnada wa mtandao ni kwamba bei huonekana na wote, na wanunuzi hupata taabu kupatana pembeni. Lakini tufahamu mpaka wake. Mtandao hauoni gunia. Huona kilichoandikwa juu ya gunia. Ikiwa mizani ya chama ilikosea kilo mbili, au daraja liliandikwa chini ya haki yake, mnada wote utakwenda sawasawa na mkulima atakuwa amekwisha kupunjwa. Ikiwa nambari ya akaunti ya benki iliandikwa vibaya, fedha zitachelewa au zitakwenda kwingine.

Sisi tunauza karafuu zetu kwa shirika la ZSTC, wala hatuna mnada wa namna hiyo. Hata hivyo mizani ni ile ile, na risiti ni ile ile. Tena majina yetu, nambari za simu na idadi ya mikarafuu yetu vinazidi kuandikwa katika kompyuta. Iko Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Kwa sheria hiyo mtu anayo haki ya kujua taarifa zake zinachukuliwa kwa kazi gani, na kutaka zisahihishwe zikiwa si za kweli. Mwanachama asione haya kuuliza.

JINA

Korosho nyingi za kusini husafirishwa zikiwa ghafi, khasa kwenda India na Vietnam, zikabanguliwa huko na kutiwa katika pakiti. Mlaji wa Ulaya aweza kula korosho ya Nachingwea miaka kumi asisome neno Nachingwea hata mara moja. Faida ya kubangua imebaki nje, na faida ya jina imepotea kabisa.

Hapa sisi wa karafuu tuna bahati, maana neno Zanzibar linajulikana dunia nzima, na mnunuzi akilisikia hukumbuka karafuu. Lakini kujulikana ni jambo moja na kulindwa ni jambo jingine. Sheria ya Mali ya Viwanda ya Zanzibar ya mwaka 2008 inaruhusu kusajili alama za biashara, na pia kulinda majina ya mahali ambapo zao limepata sifa yake. Hiyo ya pili haiwi mali ya mtu mmoja; ni ya wakulima wote wa mahali hapo wanaoshika kanuni za ubora zilizowekwa.

Wanachama wafahamu mambo mawili. Kwanza, usajili wa Zanzibar hauvuki bahari. Bara kuna sheria yake, ya mwaka 1986 kwa alama za biashara, na alama iliyosajiliwa upande mmoja haimlindi mwenyewe upande wa pili. Basi anayetia mafuta ya karafuu au viungo katika chupa na pakiti, akiviuza mpaka Dar es Salaam kwa simu, hana budi kusajili pande zote mbili, na katika nchi nyingine anakouza. Pili, jina la mahali halisimami bila ya ubora. Siku karafuu zilizoanikwa vibaya, au zilizochanganywa na makonyo, zikipita kwa jina letu, hakuna cheti kitakachotuokoa.

Majirani zetu wa Ethiopia walilijua hili. Mwaka 2005 waliomba kusajili katika Marekani majina ya kahawa zao, Sidamo, Harar na Yirgacheffe. Palikuwa na upinzani na mabishano marefu, lakini mwaka 2007 walifikia mapatano na kampuni ya Starbucks iliyokuwa ikiiuza kahawa hiyo. Wao walikwenda na maombi mkononi, hawakungoja waulizwe.

LA KUFANYA

Huenda akaja kwetu mgeni mwenye fedha, akitaka ubia wa mafuta ya karafuu au ukodishaji wa shamba. Tusimkimbie, wala tusimkimbilie. Tumuulize maswali matatu, na majibu yake yaandikwe. Mkataba huu unafuata sheria gani, na ya mwaka gani? Sheria ikibadilika, hasara itakuwa ya nani? Na tukigombana, shauri litasikilizwa wapi, na kwa gharama ya nani? Mkulima anayetakiwa kwenda kudai haki yake Washington hana haki yoyote.

Katika mambo ya kila siku, kila mwanachama na afanye haya. Asome uzito na daraja kabla ya kuondoka kituoni, na kosa lisemwe pale pale, si kesho. Aweke risiti zake zote za msimu mahali pakavu. Ahakikishe jina lake na nambari ya akaunti yake vimeandikwa sawasawa. Karatasi za shamba la urithi zitengenezwe wazee wakiwa hai, maana baada yao maneno huwa mengi. Na kanuni mpya ikitangazwa, iletwe mkutanoni isomwe kwa sauti, wote wasikie, na wale wasiojua kusoma wapate kuuliza.

Kilima cha Ntaka bado kipo pale pale, na nikeli yake bado imo chini. Mabilioni yaliyolipwa yalitokana na karatasi tu, kabla ya jiwe moja kuuzwa. Mikarafuu yetu iko juu ya ardhi, na matunda yake tunayachuma kwa mikono yetu. Tusikubali karatasi zake ziandikwe na wengine peke yao.