Kabla ya Kununua Chenso Iliyotumika ya Kupasulia Mbao



Wako wenzetu, mjini Lilongwe katika Area 47 na kule Dzaleka wilayani Dowa, wanaofikiria kuchanga fedha za likelemba ili wanunue chenso iliyokwisha kutumika, wapasue magogo ya miti migumu na kuwauzia mbao mafundi seremala. Ni wazo jema, maana mapato yatabaki kwa wenye jasho. Lakini fedha hizo zimekusanywa kwa shida, na mashine mbovu hula fedha kisha ikamla mtu. Kwa hiyo tunaeleza hapa mambo ya kuangalia.

Yafaa ieleweke kwanza kwamba kuangusha mti na kupasua mbao ni kazi mbili tofauti. Anayeangusha mti hukata muda mfupi, kisha injini hupumzika. Anayepasua huendesha injini kwa nguvu zote dakika nyingi mfululizo, tena mnyororo ukifuata urefu wa nyuzi za mti. Mashine iliyofaa kukatia kuni huweza kuungua katika gogo la kwanza la mlombwa, ambao Tanzania tunauita mninga.

Ukubwa wa injini. Kwa gogo gumu lenye upana wa nusu mita, tafuteni injini isiyopungua cc 70. Likizidi hapo, cc 90 na kuendelea. Stihl 070, inayojulikana sana kwa wapasuaji wa Afrika, ina cc 106 hivi. Lakini nyingi za zamani za aina hiyo hazina breki ya mnyororo, na za bandia zimejaa sokoni.

Uzima wa injini. Fikeni kwa muuzaji bila kumpa nafasi ya kuipasha moto mashine. Gusa silinda: iwe baridi, kwa sababu injini iliyochoka huficha ubovu wake ikiwa na joto. Swichi ikiwa imezimwa, inueni mashine kwa mshikio wa kamba ya kuwashia, bila kubonyeza kitufe cha kupunguzia mgandamizo kama kipo. Ikishuka polepole, mgandamizo upo. Ikiporomoka mara moja, pistoni au ringi zimekwisha. Kisha fungueni ekzosi mtazame pistoni kwa tochi. Mikwaruzo ya wima ni dalili kwamba iliendeshwa kwa petroli yenye oili haba, na ukarabati wake huweza kukaribia bei mliyotajiwa. Tikiseni pia gurudumu la injini kwa mkono: likicheza juu na chini, beringi za krenki zimechakaa.

Iwasheni. Iachieni ingurume bila kubonyeza mafuta. Mnyororo usizunguke. Mngurumo ukipanda na kushuka wenyewe, huenda hewa inapenya mahali isipotakiwa, na injini ya namna hiyo huungua upesi ikipewa kazi ya kupasua. Elekezeni ncha ya baa kwenye karatasi safi, kisha ongezeni mafuta. Mstari wa oili usipoonekana, pampu ya oili haifanyi kazi au njia yake imeziba.

Breki haina mjadala. Mashine ikiwa imara chini, mikono miwili ikiishika, ongeza mafuta kisha sukuma kinga ya mbele kwa kifundo cha mkono. Mnyororo usimame papo hapo. Baa huweza kuruka kuelekea uso wa mpasuaji kwa kasi asiyoweza kuikwepa. Mashine isiyo na breki msiinunue, hata ikiwa nusu bei. Angalieni pia mipira ya kuzuia mtetemo, kwani mtetemo wa miaka mingi huharibu mishipa ya damu na kufanya vidole viwe vyeupe na kufa ganzi.

Katika hesabu yenu wekeni mnyororo wa kupasulia, ambao meno yake hunolewa kwa nyuzi 10 hivi, wala si 30 kama wa kukatia. Kumbukeni kwamba mnyororo hula karibu milimita 10 kila unapopita. Mkipasua mbao za milimita 25, zaidi ya robo ya gogo itakuwa unga. Mkipasua za milimita 50, hasara hushuka hadi sehemu moja ya sita.

Unga huo nao si wa kudharau. Mwaka 1995 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliuweka unga wa mbao katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Kwa hiyo kitambaa au kinyago cha pua, vizibo vya masikio, miwani na viatu vigumu vimo katika bei ya mashine, si nyongeza. Vilevile ulizeni kwanza ofisi ya misitu ya wilaya juu ya vibali vya mti na vya mashine. Gogo lisilo na kibali huweza kuwapotezea vyote.

Neno la mwisho kwa mnaoajiriwa. Sheria ya Malawi ya usalama na afya kazini ya 1997 humpa mwajiri wajibu wa kulinda usalama wa wafanyakazi wake. Tajiri akileta chenso kuukuu, ipimeni kama tulivyoeleza kabla hamjaishika, na mpelekeeni mwakilishi wenu wa chama kasoro mtakazoziona. Ninyi mnaonunua yenu wenyewe hamna tajiri wa kumdai fidia. Aliyekatwa mguu atalelewa na likelemba ileile. Basi nendeni kununua watu watatu au wanne, mmoja wenu awe fundi wa injini, na mkubaliane kabla ya kuondoka kwamba mmoja akisema hapana, mtarudi na fedha zenu.

Tahadhari kabla ya hatari.