Pasi ya volti 100 ikivuka mpaka

Pasi iliyotumika Japani humvutia mteja akiwa bado mbali. Ni nzito, inang'aa, na bei yake ni nafuu kuliko ya pasi mpya dukani. Mfanyabiashara anayeinunua Dar es Salaam ili akaiuze Kigali au Bujumbura huitazama uso, huvuta waya kidogo, hulipa. Asichokisoma ni kibandiko chake, na hapo ndipo mtaji unapoungulia.

Kibandiko hicho huweza kusema: 100V, 1000W. Umeme wa majumbani Japani ni volti 100. Tanzania na Rwanda ni volti 230, Kenya na Uganda 240, Burundi na Kongo 220.

Hesabu yake ni ya kalamu na karatasi. Gawanya wati kwa volti upate ampea, yaani kiasi cha mkondo unaopita kwenye waya: 1000 kwa 100 ni ampea 10. Sasa gawanya volti kwa ampea upate ukinzani, yaani jinsi waya wa ndani unavyouzuia mkondo huo: 100 kwa 10 ni omu 10. Ukinzani huo umo ndani ya pasi, huvuka nayo mpaka. Kinachobadilika ni volti.

Ichomeke Kigali. Volti 230 kwa omu 10 ni ampea 23. Zidisha ampea 23 kwa volti 230: wati 5,290. Pasi iliyoundwa kwa wati 1,000 inabebeshwa zaidi ya mara tano. Penye fyuzi halali ya ampea 13, fyuzi huweza kukatika. Palipofungwa kipande cha waya badala ya fyuzi (na nyumba za namna hiyo si chache), pasi huungua, na soketi huweza kuungua nayo.

Kibandiko kikiwa kimefutika, fundi mwenye mita ataupima ukinzani kwenye pini za plagi, pasi ikiwa imewashwa kwa swichi yake lakini haijachomekwa ukutani. Pasi ya wati 1,000 ya volti 230 itasoma karibu omu 53. Chombo chochote cha kupasha moto kinachosoma chini ya omu 18 kitavuta karibu ampea 13 au zaidi kwenye volti 230. Kiache kwa mwenye duka.

Upande wa pili wa hesabu hauchomi nyumba, huleta ugomvi tu. Birika la wati 2,000 lililotengenezwa kwa volti 240 za Kenya lina ukinzani wa omu 28.8. Likifika Bukavu kwenye volti 220, linavuta ampea 7.6 na kutoa wati 1,680 hivi. Maji yaliyochemka kwa dakika 5 Nairobi yatachukua karibu 6. Mteja atadai ameuziwa bandia, na muuzaji aliyemweleza mapema habari hizi hatarudisha pesa.

Friji na vyombo vingine vyenye mota havifuati hesabu hii moja kwa moja. Huko fuata kibandiko. Chaja iliyoandikwa 100-240V haina shida popote: ibebe mpaka Goma, ubadilishe plagi tu.