Kuacha Karafuu na Kushika Kazi Nyingine: Mfano wa Hanga

Tangu kumalizika uchumaji, wanachama kadha wa kadha wamefika ofisini, si kwa habari ya magunia wala majamvi, bali kwa swali moja: je, yafaa mtu aache karafuu ashike kazi nyingine? Mmoja ataka kununua pikipiki ya kuchukulia abiria. Mwingine ameitwa na mjomba wake aliye Maskati. Wa tatu ni kijana aliyesoma, naye asikia kuwa hoteli za pwani zataka watu. Hatuwezi kumwambia kila mtu "kaa". Chama hiki ni cha wakulima, lakini si kamba ya kumfungia mtu mtini. Twapenda basi kueleza namna tunavyoliona jambo hili, na mfano wetu tutauchukua mbali kidogo, Hanga, katika nchi ya Songea, mkoa wa Ruvuma. (Tangu mwaka 2002 Hanga imo katika Wilaya ya Namtumbo, iliyokatwa kutoka Songea.)

Twachagua nchi ile kwa kuwa watu wake wamehama kazi mara nyingi, tena kwa sababu zile zile zinazotusumbua sisi: kodi, bei, na shida ya fedha taslimu. Zamani za Waingereza mtu wa Songea aliyetakiwa kodi hakuwa na la kuuza ila nguvu zake. Akaandikwa namba, akasafiri mpaka mashamba ya mkonge ya Tanga, na ndiyo asili ya jina la manamba. Kuanzia mwaka 1944 kazi ya kuwaandika ilishikwa na SILABU, chombo cha wenye mashamba ya mkonge. Katikati ya miaka ya 1960 nyuzi za viwandani zikaingia sokoni, bei ya mkonge ikaanguka. Hapo ndipo penye somo. Aliyekuwa ameacha mke au ndugu wakilitazama shamba kwao alikuwa na pa kurudia. Aliyekata mizizi yote alibaki ugenini bila kazi na bila kwao.

Wengine hawakwenda Tanga. Walishika tumbaku ya moshi, na mwaka 1936 Wangoni na Wamatengo wakaunda chama chao cha ushirika, Ngomat, cha kuuza mazao yao, tumbaku upande wa Wangoni na kahawa upande wa Wamatengo. Tumbaku ni kazi nzito, yataka bani la kukaushia na kuni nyingi, walakini ina sifa moja ambayo karafuu haina. Ni zao la msimu mmoja. Mtu aweza kulima nusu eka akajaribu, na asipopendezewa, mwakani shamba lile lile akapanda mahindi. Ngomat yenyewe ilikufa mwaka 1976 serikali ilipovunja vyama vikuu vya ushirika, lakini ardhi ilibaki, na mkulima aligeuka na jembe lake mkononi.

Sisi hatuna bahati hiyo. Mkarafuu haukuanzi kuzaa ila baada ya miaka saba au minane hivi, na kushiba kwake ni zaidi ya hapo. Ukiukata leo umekata msimu wa mwanao. Wazee wanakumbuka miaka ya 1980, pale Indonesia, aliyekuwa mnunuzi wetu mkubwa, alipopanda mikarafuu yake hata akajitosheleza. Bei ikaporomoka, mashamba yakaota magugu, na wako waliogeuza miti kuwa kuni na makaa. Mwaka 2011 bei ya ZSTC ilipopanda hata kufika shilingi 15,000 kwa kilo, mwenye miti iliyotupwa alifyeka akachuma, bali mwenye visiki alitazama tu. Tena siku hizi sheria haikuachii kukata mkarafuu bila kibali.

Kwa hiyo swali la kwanza si "kazi ipi ina fedha?" Swali ni: nikishindwa, naweza kurudi? Bodaboda yaweza kuuzwa tena, ijapokuwa kwa hasara. Kukodisha mikarafuu kwa misimu mitatu ni jambo linalorudi. Kuuza sehemu yako ya urithi kwa nauli ya Maskati hakurudi, na huenda ndugu zako warithi wakakushtaki vile vile. Mwenye eka tatu za serikali ajue kuwa hana ruhusa ya kuuza kabisa. Alichopewa ni kutumia.

Sasa turudi Hanga, maana kuna jambo pale ambalo wachache huku wamelisikia. Katika miaka ya 1950 watawa wa Kibenediktini wa Peramiho walianzisha hapo nyumba ya Waafrika, nayo sasa ni abasia. Dini yao si yetu, wala hatusemi habari ya dini. Twasema habari ya namna wanavyompokea mtu anayetaka kuacha maisha yake na kushika mengine, kwani hakuna kuhama kazi kukubwa kuliko huko. Kanuni yao, iliyoandikwa Italia karne ya 6, yaagiza kwamba anayebisha hodi asifunguliwe upesi. Aachwe mlangoni siku nne au tano, aonekane kama ana nia. Akiingia, husomewa masharti baada ya miezi miwili, tena baada ya miezi sita, tena baada ya minne, na kila mara huambiwa mlango u wazi, aweza kwenda zake. Hata akipita mwaka huo, kwa sheria za kanisa lao huweka ahadi ya muda tu, isiyopungua miaka mitatu, ndipo afunge ya daima. Na kwa muda wote huo mtu hakai bure: yuko shambani, au kwenye mbao, au kwenye ujenzi, anajifunza.

Twapendezwa na hesabu ile. Kijana wetu husikia habari ya hoteli Ijumaa, Jumatatu ameshauza mbuzi. Wengi huswali istikhara, na ni jambo jema, ila istikhara haiondoi haja ya kwenda kuuliza mshahara, malazi, na miezi ambayo wageni hawaji.

Na tujihadhari na kazi ambayo bado ni habari tu. Wilaya hiyo hiyo ya Namtumbo ina urani penye mto Mkuju. Leseni ya kuchimba ilitolewa mwaka 2013, watu wakatazamia ajira nyingi. Lakini bei ya urani duniani ilikwisha anguka baada ya ajali ya Fukushima, Japani, mwaka 2011, na kujenga mgodi kukaahirishwa mwaka hata mwaka. Aliyeendelea kupanda mahindi yake hakulala njaa akingoja.

Wanawake wa pwani ya Unguja walitufunza vizuri zaidi. Mwani ulipoletwa Paje na Jambiani mwaka 1989, hawakuacha shamba wala kusuka makuti, waliongeza. Aina ya kotonii yenye bei nzuri ilipokufa sehemu nyingi kwa joto la maji, wakabakiwa na spinosamu ya bei ndogo, pigo lilikuwa kubwa, lakini vyungu havikuinuliwa mafigani.

Mwanachama anayefikiri kuhama na afike ofisini kabla ya kutia sahihi karatasi yoyote. Aje na mambo matatu: mavuno yake ya misimu minne iliyopita, mwaka mbaya ukiwamo, orodha ya warithi wenzake, na jina la mtu atakayepalilia na kuzuia moto. Asiye na mtu huyo, tutamtafutia miongoni mwa wanachama, kwa makubaliano ya kugawana mavuno, makonyo yakiwa ya mpaliliaji. Karatasi ya makubaliano iandikwe nakala mbili mbele ya sheha, moja ibaki kwetu kabatini.