Darubini ya Kulindia Shamba Jioni: Nunua Mwanga, Usinunue Ukubwa

Leo tuzungumze juu ya chombo ambacho wengi wetu tunadhani ni cha watalii na askari wa wanyamapori peke yao. Chombo hicho ni darubini, ile ya macho mawili inayovaliwa shingoni.

Pengine utauliza, "Bwana shamba, darubini na mahindi vinahusiana nini?" Nitakujibu kwa kisa kimoja.

Katika ziara zangu vijijini nilifika kwa mzee mmoja ambaye shamba lake linapakana na pori. Kila mwaka mahindi yakianza kubeba, nguruwe pori humtembelea. Mzee huyu amejenga dungu lake, na jioni hupanda kulinda. Alikuwa na darubini ndogo ya kutia mfukoni, aliyouziwa kwa maneno kwamba inavuta sana. Jioni moja, jua limekwisha kuzama, aliona kitu cheusi kimeinama ukingoni mwa shamba. Akatazama kwa darubini. Akaona weusi tu. Akashuka na mkuki wake, akanyatia. Alipokwisha kuinua mkono, kile kitu kikakohoa. Alikuwa mama wa jirani, anatafuta mbuzi wake aliyekatika kamba.

Mzee aliniambia, "Mwanangu, mkono huu haukulala siku ile. Darubini iliniongopea."

Mimi nikaichukua nikaitazama. Darubini haikumwongopea. Ilikuwa ni ya mchana, naye aliitumia jioni. Ndiyo maana ya mazungumzo yetu: kabla hujafukuza, hujarusha, wala hujapiga, ujue kwanza unachokiona. Na kama wewe ni mwindaji mwenye leseni, kama Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inavyotaka hapa Tanzania, neno hili linakuhusu vile vile.

SOMA NAMBA MBILI

Kila darubini imeandikwa namba mbili, kwa mfano 8x40. Tunasoma nane kwa arobaini. Namba ya kwanza ni kuvuta: kitu kilicho mbali mita 80 utakiona kana kwamba kiko mita 10. Namba ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Hicho kioo cha mbele ndicho mlango wa mwanga. Nyumba yenye dirisha dogo huwa na giza mapema, na darubini ni hivyo hivyo.

Muuzaji atakusifia namba ya kwanza. Wewe mwulize ya pili.

Sasa tufanye hesabu ndogo. Chukua namba ya pili, ugawanye kwa namba ya kwanza. Jibu ni upana wa duara la mwanga linaloingia jichoni mwako. Darubini ya 8x40 inatoa duara la milimita 5. Ya 7x50 inatoa milimita 7 na kidogo. Ile ya mzee wetu ilikuwa 12x25: ukigawanya unapata milimita 2 tu. Tena kioo cha milimita 50 kinakusanya mwanga mara 4 ya kile cha milimita 25.

Kwa nini duara hilo lina maana? Kwa sababu mboni ya jicho lako nayo hupanuka giza likiingia. Mchana wa jua kali mboni ni ndogo, milimita 2 au 3, na hata darubini ndogo inatosha. Giza likiingia, mboni ya kijana huweza kufika milimita 7. Ya mtu mzima wa miaka 50 na zaidi mara nyingi hufika 5 au chini yake. Basi jicho limefungua mlango mpana, lakini darubini ndogo inapitisha mwanga mwembamba kama uzi. Ndiyo sababu mzee aliona weusi.

IPI IKUFAE?

Kwa mlinzi wa shamba mwenye fedha kidogo, 8x40 au 8x42 ni nzuri. Inavuta vya kutosha, si nzito sana, na mwanga wake unamtosha kijana na mzee. Kama walinzi wenu ni vijana na mnalinda hadi giza linakaribia kabisa, 7x50 ni bora zaidi kwa mwanga, ila ni kubwa, na nyingine hukaribia kilo 1. Ya 10x50 nayo inatoa duara la milimita 5, lakini kila inavyovuta zaidi ndivyo mtetemo wa mikono unavyoonekana zaidi. Ukiichagua, uwe na mahali pa kuegemeza viwiko.

Ziepuke hizi: zenye kioo cha mbele cha milimita 21 au 25, hata zikivuta mara 20; zenye kigurudumu cha kubadilisha ukubwa, kwa maana za bei rahisi huwa na giza zikivuta sana; na zile zenye vioo vyekundu vinavyong'aa kama kioo cha kujitazamia. Wekundu huo ni mwanga unaorudishwa nje badala ya kuingia jichoni.

Kuna maumbo mawili pia. Moja mabomba yake yamenyooka. Jingine lina mabega, vioo vya mbele vimeachana kuliko vya nyuma. Kwa bei ndogo ile ile, yenye mabega mara nyingi huonyesha vizuri zaidi, kwa kuwa ni rahisi kuitengeneza sawasawa. Umbo lililonyooka likitengenezwa vizuri, bei yake hupanda.

UJARIBU KABLA YA KULIPA

Wahenga walisema rahisi yavunja upishi. Basi usilipe kabla hujafanya haya:

Kwanza, ishike darubini mbele yako kwa urefu wa mkono, uielekeze kwenye anga jeupe. Usiielekeze kwenye jua hata kidogo, na usitazame jua kwa darubini kamwe, utapofuka. Katika vioo vya kutazamia utaona viduara viwili vyeupe. Viwe vya mviringo na vyeupe hadi pembeni. Vikiwa na pembe au kivuli pembeni, vioo vya ndani ni hafifu na vinakula mwanga.

Pili, tazama taa inavyojionyesha katika kioo cha mbele. Mng'ao ukiwa hafifu, wa zambarau au kijani, kioo kimepakwa dawa ya kupitisha mwanga. Ukiwa mweupe kama wa dirisha, hakikupakwa.

Tatu, tazama ukingo wa paa au mlingoti kwa macho yote mawili. Ukiona vitu viwili badala ya kimoja, au macho yakivutwa na kichwa kuanza kuuma, irudishe.

Nne, kama ni ya mtumba, mulika tochi ndani. Ukiona nyuzi kama za utando wa buibui, hiyo ni kuvu. Usiinunue, hata kwa bei ya kutupa.

Tano, mwombe muuzaji uijaribu jioni nje ya duka. Akikataa, tazama pembe ya duka yenye giza kuliko zote. Mchana barabarani kila darubini ni nzuri.

KUITUMIA NA KUITUNZA

Kunja au kunjua katikati mpaka uone duara moja. Fumba jicho la kulia, uzungushe gurudumu la katikati mpaka jicho la kushoto lione wazi. Halafu fumba la kushoto, uzungushe pete ya kioo cha kulia. Tia alama ya rangi kwenye pete hiyo ili siku nyingine usihangaike. Mwenye miwani aikunje mipira ya vioo vya kutazamia.

Nchi yetu iko karibu na Ikweta, na utusitusi wetu ni mfupi. Jua likizama, katika nusu saa hivi giza limeshika. Kwa hiyo panda dunguni mapema, egemeza viwiko, upitishe macho polepole ukingoni mwa shamba. Na ujue kwamba giza likishika kabisa, hakuna darubini ya kawaida itakayokuonyesha kitu, hata iandikwe maneno gani. Hapo tumia tochi na sauti. Ukiona kivuli usichokitambua, piga kelele kwanza, uite. Mtu ataitika. Na ukiona tembo au nyati, faida ya darubini ni kwamba umemwona angali mbali: shuka upande usio wake, uwaarifu jirani na ofisi ya kijiji ili afisa wanyamapori aitwe. Usimkabili.

Vumbi kwenye vioo lipulize kwanza, kisha pangusa kwa pamba safi au kitambaa laini. Ukisugua na vumbi lake unakwaruza kioo. Ikilowa, ianike kivulini penye hewa, wala usiifungie kwenye mkoba ikiwa mbichi, maana unyevu ndio unaoleta kuvu.

Ndugu mkulima, kama bei inakushinda, jiungeni. Mashamba yaliyopakana hulindwa pamoja, na darubini moja nzuri kwa kaya 10 ni bora kuliko ndogo 10 zisizoona jioni. Awekwe mtunzaji mmoja, na daftari la zamu.

Yule mzee sasa analinda na kikundi cha majirani, na darubini yao ni 8x40. Nilipopita tena alinipa niijaribu saa 12 na nusu jioni. Ukingoni mwa shamba niliona mtu ameinama. Nilimtambua kwa kanga yake: alikuwa mama yule yule, anafunga mbuzi.

Tukutane tena katika mazungumzo yajayo. Kazi njema.