Kabla utoe Sh64,000 kwa hedseti mpya ya VR, jiulize: shida ni macho au ni gemu?

Kama una Quest 2 kwa keja na siku hizi unajipata ukiangalia bei za hedseti mpya usiku wa manane, hii ni yako. Najua vile inaendanga. Umeona video ya msee akicheza Quest 3, sebule yake inaonekana kwa rangi zote, viumbe wa ajabu wanatoboa ukuta, halafu unageukia yako unaiona imezeeka ghafla. Na jana ilikuwa sawa tu.

Sikuambii usinunue. Nakuambia ujue unalipia nini. Quest 3 yenye nafasi ya GB128 ilizinduliwa kwa dola 499. Dola moja ikiwa Sh129, hiyo ni zaidi ya Sh64,000, na bado hujalipa usafiri, hujalipa ushuru, na muuzaji bado hajaweka faida yake. Kwa wengi wetu hiyo ni kodi ya miezi kadhaa. Ukitoa pesa kama hizo halafu ugundue umenunua kitu ambacho hukukihitaji, hakuna wa kukurudishia.

Kwa hivyo twende polepole.

Quest 2 iliingia sokoni Oktoba 2020 kwa dola 299, na ndiyo iliyofanya VR ionekane kitu cha mtu wa kawaida. Miaka minne kabla yake, Oculus Rift iliuzwa dola 599 na bado ulihitaji kompyuta yenye nguvu kando. Quest 2 haikutaka kompyuta wala waya. Unavaa, unacheza. Quest 3 ilifuata Oktoba 2023, na mwaka mmodi baadaye, Oktoba 2024, ikaja Quest 3S kwa dola 299, yaani karibu Sh38,600.

Hapo kwa 3S ndipo watu wengi huchezwa.

Jina linasema 3, bei inasema 2, na muuzaji atakuambia ni "Quest 3 ya bei nafuu". Si uongo, lakini si ukweli wote. Ndani ya 3S kuna chipu ileile ya Quest 3, Snapdragon XR2 Gen 2, ambayo waliounda wanasema ina nguvu ya michoro zaidi ya mara mbili ya ile ya Quest 2. Kumbukumbu imepanda kutoka GB6 hadi GB8. Kamera za kukuonyesha chumba chako sasa ni za rangi. Hadi hapo, poa.

Lakini skrini? Quest 2 inakupa pikseli 1832 kwa 1920 kwa kila jicho. Quest 3S inakupa pikseli 1832 kwa 1920 kwa kila jicho. Umesoma vizuri, ni zilezile. Na lenzi nazo ni za aina ileile, Fresnel.

Lenzi ya Fresnel ina historia tamu. Jina limetoka kwa Mfaransa Augustin-Jean Fresnel, mwanafizikia aliyeibuni miaka ya 1820 kwa ajili ya minara ya taa za kuongoza meli baharini. Badala ya kioo kinene na kizito, alikata mistari ya mviringo kama mawimbi ya maji baada ya kutupa jiwe, kioo kikabaki chembamba na chepesi. Kwa mnara wa taa, ilikuwa akili ya ajabu. Kwa macho yako yaliyo sentimita chache kutoka kwa skrini, mistari hiyo ina gharama. Maandishi meupe kwenye giza yanatoa miale. Katikati unaona vizuri, lakini ukitupa jicho pembeni kila kitu kina ukungu, kwa hivyo unageuza kichwa kizima ili kusoma neno moja.

Quest 3 iliacha Fresnel na kutumia lenzi za aina ya pancake, na skrini yake ina pikseli 2064 kwa 2208 kwa kila jicho. Piga hesabu: ni karibu asilimia 30 zaidi ya Quest 2. Ila ukiniuliza mimi, pikseli si ndizo zinazokushtua ukiivaa mara ya kwanza. Ni lenzi. Unaona safi kutoka katikati mpaka karibu na ukingo, na unaweza kuzungusha macho kama binadamu badala ya kuzungusha shingo kama bundi.

Sasa unaona swali lilipo. Unapolalamika kuhusu Quest 2 yako, unalalamikia nini hasa?

Kama shida ni macho, yaani picha haina makali, maandishi yanakusumbua, au unatumia hedseti kutazama filamu, basi 3S haitakusaidia. Utakuwa umetoa karibu Sh40,000 kurudi kwa kioo kilekile. Jibu lako ni Quest 3, au kukaa na uliyo nayo hadi mfuko uruhusu.

Kama shida ni gemu, hadithi inabadilika. Batman: Arkham Shadow ya 2024, kwa mfano, haichezeki kwa Quest 2. Inataka Quest 3 au 3S. Kama ni gemu za aina hiyo zinazokukosesha usingizi, 3S itazicheza kwa chipu ileile na utabaki na tofauti ya dola 200 mfukoni. Hiyo ni zaidi ya Sh25,000. Lakini kama wiki yako ni Beat Saber na ndondi kidogo, Quest 2 bado inazipiga fiti. Hata Asgard's Wrath 2, ile kubwa ya Desemba 2023, ilitengenezwa ikubali Quest 2 pia.

Habari njema ni kwamba gemu ulizonunua zimefungwa kwa akaunti yako, si kwa kifaa. Ukiingia kwa hedseti mpya ukitumia akaunti ileile, zinakufuata. Si kila kampuni hufanya hivyo. Waliokuwa na PlayStation VR ya 2016 waligundua PSVR2 ilipokuja Februari 2023 kwamba gemu zao za zamani hazichezeki humo, isipokuwa zile ambazo waundaji walizitengeneza upya. Kwa hivyo popote unapohamia, swali la kwanza ni: gemu zangu zitahama na mimi?

Jaribu hizi za bure kwanza

Kabla ya kumpigia muuzaji, chukua dakika kumi na hedseti uliyo nayo. Wengi wanaolia kwamba Quest 2 ina ukungu hawajawahi kugusa nafasi ya lenzi. Shika lenzi zenyewe uzisogeze. Zina nafasi tatu: milimita 58, 63 na 68. Huo ni umbali kati ya mboni za macho yako. Simama mbele ya kioo na rula, au umwombe mtu akupimie, kisha chagua nafasi iliyo karibu na kipimo chako. Ikiwa umekuwa ukicheza na nafasi isiyo yako, maumivu ya kichwa hayakutokana na uzee wa kifaa. Quest 3 ina gurudumu dogo la kurekebisha umbali huo polepole, jambo linalowafaa wale ambao macho yao yanaangukia katikati ya nafasi hizo tatu. 3S imebaki na tatu zilezile.

Futa lenzi kwa kitambaa laini kikavu cha miwani. Usitumie spiriti wala sanitaiza. Na kamwe usiiache hedseti dirishani. Lenzi hukusanya miale ya jua na kuichoma skrini, na hakuna fundi atakayelifuta doa hilo.

Kama inakulemea usoni, badilisha mkanda. Watu hudhani hedseti mpya ni nyepesi, lakini Quest 2 ina gramu 503 na Quest 3 ina gramu 515. Imezidi! Inachosaidia Quest 3 ni kwamba boksi lake la mbele ni jembamba, kwa hivyo uzito hauvuti sana kwenda mbele. Mkanda mgumu wenye kushika kisogo unaweza kukufanyia kazi hiyohiyo kwa pesa kidogo sana.

Keja ndogo, stima na bando

Kuna mambo ambayo wachambuzi wa ng'ambo hawakuambii kwa sababu hawaishi Roysambu. Kucheza ukitembea, unashauriwa uwe na nafasi wazi ya mita mbili kwa mbili. Kwa bedsita yenye kitanda, meko na ndoo za maji, hiyo mita mbili iko wapi? Ndiyo maana naona kamera za rangi za Quest 3 na 3S si urembo tu. Quest 2 hukuonyesha chumba kwa rangi ya kijivu yenye chengachenga. Hizi mpya zinakuonyesha meza, kikombe cha chai na mtoto wa jirani aliyeingia bila kubisha, na unaweza kucheza baadhi ya gemu ukiona chumba chako muda wote. Kwa nyumba ndogo, hilo linaweza kuokoa televisheni.

Betri nayo usitarajie miujiza. Zote tatu hukupa takriban saa mbili hadi mbili na nusu za gemu. Uzuri ni kwamba stima ikipotea unaendelea, kwani hauhitaji televisheni, na pawabenki inaweza kukusogeza. Ubaya ni bando. Gemu kubwa hula gigabaiti nyingi, na hakuna pa kuchomeka memori kadi. Nafasi unayonunua siku ya kwanza ndiyo utakayozeeka nayo.

Kama ni ya kazi

Wapo kati yenu mnaotumia hedseti kutafuta riziki, mnawatoza watu kwa dakika kwenye sherehe na maonyesho. Kwenu hesabu ni tofauti kabisa. Tuseme unatoza Sh100 kwa mchezo. Sh64,000 za Quest 3 ni wateja 640 kabla hujaona faida ya shilingi moja. Na mteja anayevaa VR mara ya kwanza hajui Fresnel wala pancake. Anajua tu kwamba ameogopa akapiga nduru. Mimi ningeongeza Quest 2 ya pili iliyo safi, foleni isonge mara mbili, kuliko kununua moja mpya. Weka vifuniko vya silikoni unavyoweza kufuta kila baada ya mteja. Mnamo 2021 sifongo za usoni za takriban Quest 2 milioni nne zilirejeshwa Marekani kwa sababu ya kuwasha ngozi za baadhi ya watu, na kifuniko cha silikoni ndicho kilichotolewa kama dawa. Na watoto wadogo uwaambie wangoje. Meta yenyewe imeweka umri wa chini kuwa miaka 10, tena kwa akaunti inayosimamiwa na mzazi.

Ukinunua mtumba

Meta haiuzi Quest rasmi hapa Kenya. Tunategemea waagizaji, jamaa walio majuu na mtumba. Maana yake ni kwamba ikiharibika, waranti iko mbali. Kwa hivyo usitume pesa kabla hujaivaa. Washa skrini nyeupe utafute madoa ya jua. Angalia mikwaruzo kwa lenzi. Shika kontrola zote mbili, uweke mezani, uone kama kitu kinajisogeza chenyewe. Chomeka chaja uone inaingiza moto.

Na muuzaji akikuambia "ndani kuna gemu ishirini", mtabasamie. Gemu hizo ni za akaunti yake. Siku atakapoiondoa, au utakapoisafisha hedseti uanze upya, zinakwenda naye. Mlipe kifaa, usilipe hewa. Halafu dai kifutwe chote mbele yako na uingie kwa akaunti yako kabla ya kulipa.

Naelewa kiu ya kitu kipya. Pia najua kila hedseti ina siku yake ya mwisho. Quest ya kwanza ya Mei 2019 iliacha kupata masasisho ya usalama 2024. Quest 2 nayo itafika huko, na Meta tayari ilitangaza 2024 kwamba inaiondoa sokoni. Lakini haikufa siku ile video ya Quest 3 ilipokufikia kwa simu.

Fanya hivi. Wikendi hii cheza saa moja, kisha andika mambo matatu yanayokukera. Kama yote ni ya macho, anza kuweka akiba ya Quest 3. Kama ni gemu zinazokukataa, 3S inatosha. Kama ni uzito, jasho na nafasi, nunua mkanda na usogeze kitanda. Na kama umekaa na kalamu ukakosa cha kuandika, basi hedseti yako haina neno. Zima simu ulale, na hiyo Sh64,000 uiache ilale pia.